Lugha Iliyotangulia Mashine: Historia Fupi ya Uandishi wa Programu za Kompyuta za Kwanta

Kwa kawaida lugha hufuata watumiaji wake. Watu hukutana bandarini, sokoni au kambini, huhitaji kuelewana, na lugha huzaliwa au hukua kutokana na haja hiyo. Wanaisimu huja baadaye na kuandika sarufi. Makala haya yanahusu lugha zilizokwenda kinyume na utaratibu huo. Sarufi yake iliandikwa kwanza, mabishano juu ya sentensi zipi ni sahihi na zipi si sahihi yakafanyika, tasnifu zikatetewa, ilhali msikilizaji mwenyewe, yaani mashine, alikuwa bado hajazaliwa. Hizi ni lugha za kuandikia programu za kompyuta za kwanta.

Tunaileta mada hii mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, wale wanaosoma tafsiri hukutana na habari za kompyuta hizi katika magazeti, na mara nyingi maelezo huwa ni yale yale: kwamba kompyuta ya kwanta hujaribu majibu yote kwa wakati mmoja, kisha huchagua lililo sahihi. Maelezo hayo yanapotosha, na mfasiri anayeyahamishia katika Kiswahili anahamisha upotoshaji huo huo. Pili, kiini cha lugha hizi ni jambo ambalo Kiswahili kinalo tayari katika mnyambuliko wa vitenzi vyake, nalo ni kauli ya kutendua.

Kama tujuavyo, tuna jozi kama funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, vaa na vua. Kiambishi kidogo tu, na tendo linarudishwa lilikotoka. Lakini si kila kitenzi kinakubali. Hakuna pikua ya kurudisha ugali kuwa unga. Chomoa lipo, lakini halirudishi nyama kuwa mbichi. Kompyuta tulizozizoea zimejaa vitenzi vya namna ya kupika. Ukiiambia kompyuta ijumlishe 3 na 4 ikuachie 7 peke yake, huwezi kurudi nyuma, kwa kuwa 7 ingeweza pia kutokana na 5 na 2. Habari imepotea njiani.

Mwaka 1961 Rolf Landauer, mwanafizikia wa kampuni ya IBM, alionyesha kwamba kompyuta inapofuta habari hulazimika kutoa joto kidogo. Kwa maneno mengine, kusahau kuna gharama. Mwaka 1973 Charles Bennett wa kampuni hiyo hiyo akaonyesha kwamba hesabu yoyote inaweza kupangwa upya ili kila hatua yake itendulike. Mbinu yake ni rahisi kueleza. Fanya hesabu huku ukiweka kumbukumbu ya kila hatua. Nakili jibu la mwisho pembeni. Kisha rudi kinyumenyume, ukitendua hatua moja baada ya nyingine, mpaka kumbukumbu zote za njiani ziondoke na jibu lile la pembeni libaki. Mpangilio ni lazima ugeuzwe. Aliyevaa soksi kisha kiatu huvua kiatu kwanza, ndipo avue soksi. Wakati huo wengi waliona kazi ya Bennett kuwa udadisi tu. Hakuna aliyekuwa na shida ya kompyuta inayojitendua.

Shida hiyo ilikuja kutoka upande wa fizikia. Mwaka 1980 Paul Benioff wa Marekani alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuendeshwa kwa kanuni za kwanta, yaani kanuni zinazotawala vitu vidogo kama atomu na elektroni, na mwaka huo huo Yuri Manin wa Muungano wa Kisovieti aliligusia wazo la namna hiyo. Mwaka 1981 Richard Feynman, katika mkutano uliofanyika MIT, alisema kwamba maumbile hufuata kanuni za kwanta, na anayetaka kuyaiga kwa kompyuta basi atengeneze kompyuta inayofuata kanuni hizo. Sasa, katika kanuni hizo kila badiliko hutendulika. Kuna tendo moja tu la mtumiaji lisilotendulika, nalo ni kupima. Ukishapima kitu cha kwanta umekibadilisha, na hali yake ya awali hairudi tena. Mwaka 1982 likaongezwa katazo jingine. William Wootters na Wojciech Zurek, na kwa upande wake Dennis Dieks wa Uholanzi, walithibitisha kwamba hali ya kwanta usiyoijua haiwezi kunakiliwa.

Tuyaweke pamoja. Hapa pana mashine ambayo huruhusiwi kusahau, huruhusiwi kunakili, na ukitazama tu unaharibu. Mtu anaweza kuuliza, mashine yenye makatazo yote haya ina faida gani?

Jibu la kwanza lilitolewa mwaka 1985 na David Deutsch wa Oxford, Uingereza. Tutalieleza kwa urefu kidogo, maana aliyelielewa hili ameelewa algoriti zote zilizofuata. (Neno algoriti, tukumbushane, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, lilipitia Kilatini kabla ya kutufikia, ingawa Kiarabu ni jirani yetu wa siku nyingi.)

Tuseme tuna kisanduku. Ukikipa 0 hujibu ama 0 ama 1, na ukikipa 1 hujibu vilevile ama 0 ama 1. Swali letu ni hili: je, majibu yake mawili yanafanana au yanatofautiana? Kompyuta ya kawaida itakiuliza kisanduku mara mbili, hakuna njia ya mkato. Deutsch alitaka kuuliza mara moja.

Atatumia kyubiti moja. Biti ya kawaida huwa ama 0 ama 1. Kyubiti ni jozi ya namba mbili, moja imefungamana na 0 na nyingine na 1, na namba hizi zinaweza kuwa hasi. Tukiipima, hutupa 0 au 1 basi, na uwezekano wa kila jibu hutokana na namba yake ikizidishwa kwa yenyewe. Tuanze na jozi 1 na 1. (Wanahisabati watuvumilie, tumeacha kugawanya ili hesabu isomeke.) Kisanduku kinapoipokea kyubiti hiyo huweka alama ya hasi kwenye kila nafasi ambayo jibu lake ni 1. Baada ya hapo tunaipitisha kyubiti katika lango liitwalo lango la Hadamard, ambalo kazi yake ni moja: nafasi ya 0 hupewa jumla ya namba zile mbili, na nafasi ya 1 hupewa tofauti yake.

Msomaji achukue kalamu. Majibu ya kisanduku yakifanana, jozi itakuwa ama 1 na 1, ama hasi 1 na hasi 1. Jumla ni 2 au hasi 2, na tofauti ni 0. Tukipima tutapata 0 bila shaka yoyote. Majibu yakitofautiana, jozi itakuwa 1 na hasi 1, au kinyume chake. Jumla ni 0, na tofauti ni 2 au hasi 2. Tukipima tutapata 1. Swali limejibiwa kwa kukitumia kisanduku mara moja. (Kwa namna Deutsch alivyolipanga mwaka 1985 lilifaulu nusu ya majaribio tu, umbo hili la uhakika lilikamilishwa mwaka 1998.)

Angalia kilichotokea. Hatujui kisanduku kinajibu nini kwa 0, wala hatujui kinajibu nini kwa 1. Tunachokijua ni uhusiano wa majibu hayo mawili, na ili tuujue imebidi tuyapoteze majibu yenyewe. Hakuna kilichojaribiwa chote kisha kikachaguliwa. Namba zimekutana, nyingine zikafutana, nyingine zikaongezeana nguvu. Anayeishi kando ya ziwa amewahi kuona mawimbi ya mitumbwi miwili yakikutana: penye kilele juu ya kilele maji huinuka maradufu, penye kilele juu ya bonde maji hutulia. Mwandishi wa algoriti ya kwanta ni mtu anayepanga mawimbi ili majibu mabaya yafutane. Kazi hiyo ni ngumu, na ndiyo sababu hadi leo algoriti za kwanta zenye faida kubwa iliyothibitishwa si nyingi.

Mwaka 1994 Daniel Simon alionyesha kwamba mbinu hii inaweza kutafuta mpangilio uliojificha ndani ya kisanduku kikubwa, na mwaka huo huo Peter Shor wa Bell Labs, akifuata njia aliyofunguliwa na Simon, akatoa algoriti iliyowashtua watu wa usalama wa mawasiliano. Iligawanya namba kubwa katika vigawo vyake tasa. Mfumo wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na kutumika katika benki na intaneti, ulitegemea ugumu wa kazi hiyo hiyo.

Tuchukue 15. Chagua 7, uizidishe kwa yenyewe mara kwa mara, na kila mara ugawanye kwa 15 na kuandika baki tu: 7, 4, 13, 1, kisha tena 7, 4, 13, 1. Mzunguko una urefu wa 4. Nusu yake ni 2, na 7 kwa kipeo cha 2 ni 49. Toa 1 upate 48, ongeza 1 upate 50. Kigawo kikubwa cha shirika cha 48 na 15 ni 3. Cha 50 na 15 ni 5. Kazi imekwisha. Yote haya mwanafunzi wa sekondari anayaweza, isipokuwa hatua moja: namba ikiwa na tarakimu mamia, mzunguko huwa mrefu kupita kiasi na hakuna anayeweza kuuandika wote. Hapo tu ndipo Shor anapoita kyubiti. Hupangwa ili mawimbi ya mizunguko isiyo sahihi yafutane na yale ya mzunguko wa kweli yabaki. Mwaka 2001 watafiti wa IBM huko Almaden, California, waliligawa 15 kwa kyubiti 7 zilizokuwa ndani ya molekuli. Walipata 3 na 5.

Algoriti ya Lov Grover ya mwaka 1996, naye pia wa Bell Labs, tutaigusa tu. Humtafuta mtu mmoja katika orodha isiyopangwa ya watu 1,000,000 kwa hatua zipatazo 785, badala ya wastani wa 500,000. Ina tabia moja ya kuvutia: ukizidisha hatua baada ya hapo, jibu huanza kukimbia.

Hadi hapo hapakuwa na lugha. Hata neno kyubiti lenyewe lilichelewa: lilichapishwa mara ya kwanza na Benjamin Schumacher mwaka 1995, miaka 10 baada ya makala ya Deutsch. Algoriti zilielezwa kwa hisabati au kwa michoro ya saketi, ambamo kila kyubiti ni mstari unaokwenda kutoka kushoto kwenda kulia na malango ni visanduku juu ya mistari hiyo. Mchoro wa mistari 4 hupendeza. Mchoro wa mistari 4,000 hausomeki na mtu.

Mwaka 1996 Emanuel Knill wa Los Alamos aliandika ripoti fupi ya kupendekeza namna moja ya kuandika maagizo hayo kwa maneno. Haikuwa lugha ya mashine, ilikuwa kitu kama mwongozo wa tahajia kwa waandishi wa makala. Hata hivyo wazo lake kuu limedumu: kompyuta ya kawaida ndiyo inayoongoza, na kyubiti hupokea amri kutoka kwake. Miaka miwili baadaye, 1998, Bernhard Ömer wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, Austria, akatoa lugha kamili ya kwanza, QCL, katika tasnifu ya shahada. Kwa sura ilifanana na lugha ya C iliyokuwa ikijulikana sana. Kwa kuwa mashine haikuwapo, programu ziliigizwa na kompyuta ya kawaida, na uigizaji huo una mpaka mkali: kyubiti 10 huhitaji namba 1,024, na kyubiti 30 huhitaji zaidi ya bilioni 1.

Jambo tunalolithamini katika QCL ni kwamba Ömer aliweka kutendua ndani ya sarufi. Mwandishi alieleza tendo, na lugha ilijua kulitendua. Nafasi za kazi za muda zilisafishwa kwa mbinu ile ile ya Bennett ya mwaka 1973. Usafi huo si wa mapambo. Turudi kwenye kisanduku cha Deutsch. Kama kisanduku kingeacha pembeni, kwenye kyubiti nyingine, kumbukumbu ya namba kiliyopewa, namba zile mbili zisingeweza tena kukutana na kufutana, kwa kuwa kila moja sasa ingekuwa na alama yake ya kutofautisha. Kupima kungetoa 0 au 1 kwa bahati tu. Taka ndogo iliyosahaulika jikoni huharibu karamu nzima, wala hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Programu huendelea na kutoa jibu la uongo.

Katazo la kunakili lilipata sarufi yake mwaka 2004. Peter Selinger, akifanya kazi nchini Kanada, alichapisha lugha aliyoiita QPL, ambamo kosa la kutumia kyubiti moja mahali pawili lilikamatwa kabla programu haijaanza kwenda. Walimu wa Kiswahili wataielewa njia yake kwa urahisi, kwani inafanana na upatanisho wa ngeli. Mtu akisema "kitabu imepotea" sokoni Kampala au Bujumbura, ataeleweka na mazungumzo yataendelea. QPL haina huruma hiyo. Kila neno lina aina yake, na sentensi isiyopatana haitamkwi kabisa. Kyubiti ni kama tiketi ya basi: ukishaikabidhi huna tena, mpaka urudishiwe. Selinger na Benoît Valiron baadaye waliliendeleza wazo hili kwa undani zaidi, na mwaka 2013 wao na wenzao watatu walitoa Quipper, iliyojengwa ndani ya lugha ya Haskell. Quipper iliweza kuandika saketi zenye malango matrilioni, na mwaka 2013 hapakuwa na mashine popote duniani ambayo ingeweza kuzisoma.

Mtu asidhani huu ni upuuzi wa wasomi. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maagizo ya kukokotoa namba za Bernoulli kwa mashine ya Charles Babbage ambayo haikukamilishwa kamwe. Kuandika kabla ya kuwapo msomaji kuna asili ya zamani katika taaluma hii.

Mwezi Mei 2016 msomaji alifika, mdogo na mwenye kigugumizi. IBM iliweka mashine ya kyubiti 5 kwenye intaneti ili mtu yeyote aitumie. Mtumiaji alipanga malango juu ya mistari mitano, kama anayepanga noti za muziki. Mwaka 2017 ikaja Qiskit ya kampuni hiyo, na Desemba mwaka huo Microsoft ikatoa Q#. Google ikafuata na Cirq mwaka 2018. Hapa historia ilipinda. Qiskit na Cirq si lugha kwa maana kamili, ni maktaba za maneno ndani ya Python, na Python haikuwa na ngeli za Selinger. Mhandisi alitaka kuanza kazi leo, mwanafunzi alikwisha kujua Python, na mashine ilikuwa ndogo kiasi kwamba makosa ya sarufi hayakuwa tatizo kubwa kuliko makosa ya mashine yenyewe. Urahisi ulishinda usahihi, na kwa maoni yetu ulistahili kushinda kwa wakati ule. Q# ilishika njia ya katikati: ni lugha inayojitegemea, na mwandishi akitaja neno moja tu, lugha humtungia utenduzi wa tendo lake. Mwaka 2020 watafiti wa ETH Zürich, Uswisi, walirudi kwenye kiu ya zamani kwa lugha iitwayo Silq, ambayo hutambua yenyewe taka ipi inaweza kutenduliwa kwa usalama na kuiondoa bila kuombwa.

Suala la taka na unakili litazidi kuwa zito kadiri mashine zinavyokua. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja RSA ya biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20 zenye makosa na saa 8 za kazi. Mwaka 2025 Gidney alishusha kadirio hadi chini ya kyubiti milioni 1 kwa muda usiozidi wiki moja. Upungufu huo haukutokana na mashine mpya. Ulitokana na kupanga hesabu vizuri zaidi. Mashine ya Google iitwayo Willow, iliyotangazwa Desemba 2024, ilikuwa na kyubiti 105. Lakini ujumbe wa siri unaonaswa mwaka huu unaweza kuhifadhiwa na kufunguliwa baadaye, na kwa sababu hiyo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwezi Agosti 2024 viwango vitatu vya usimbaji ambavyo algoriti ya Shor haivigusi.

Limebaki suala la istilahi. Kyubiti, saketi na lango hazina utata, na kompyuta itabaki kompyuta hata kama wenzetu wa Kenya wanapenda tarakilishi. Tatizo liko kwenye kurudisha hesabu nyuma ili kusafisha taka. Kitenzi kokotoa tayari kina umbo la kutendua, ingawa hakuna anayekihusisha tena na kukokota, na kukiongezea kiambishi kingine kungezaa neno lisilotamkika. Tumetumia tendua peke yake, nalo linajitosheleza pale muktadha ulipo wazi. Penye shaka tunapendekeza tendua hesabu. Mwanafunzi mmoja katika semina yetu alitaka rudua, kwa hoja kwamba tendua tayari limetekwa na kitufe cha kompyuta cha kufuta kosa la mwisho. Wasomaji wenye pendekezo bora walilete idarani kabla ya toleo lijalo.